Uzito wa Mashine

Wahenga wetu wa pwani waliusifu mwendo wa taratibu kuliko watu wengi duniani. Walituambia kwamba haraka haraka haina baraka, na kwamba mwenda pole hajikwai. Lakini wahenga hao hao walituonya pia kwamba chelewa chelewa utakuta mwana si wako. Kwa hivyo walijua kwamba kuna taratibu mbili: iko taratibu ya subira, ambayo ni heri, na iko taratibu ya ugonjwa, ambayo ni dalili. Kazi ya mtu mwenye akili ni kuzitenganisha. Nasi tuliofika umri wa miaka sabini na ushei tuna sababu ya ziada ya kulitafakari jambo hili, maana kila uzito unaotokea karibu nasi, wa mguu, wa sikio au wa chombo tunachokitumia, watu hutoa maelezo kwa neno moja tu: uzee.

Nimefanya kazi ya ualimu maisha yangu yote. Nimekuwa mwalimu wa darasa, kisha mwalimu mkuu, na miaka kadhaa nimesomesha walimu wanafunzi katika Chuo cha Ualimu cha Nkrumah, pale Beit-el-Ras. Katika kazi hiyo neno nililolipiga vita kuliko yote ni neno "mzito". Mwalimu kijana akija na daftari lake la maendeleo, ameandika mbele ya jina la mtoto "mzito", nilikuwa namrudishia na kumwuliza: mzito wapi? Katika kusoma swali, katika kulifahamu, katika kukokotoa, au katika kuandika jibu? Palikuwa na mtoto katika skuli moja ya kusini mwa Unguja ambaye alikuwa wa mwisho kila siku kunakili kazi ya ubaoni. Mwalimu wake alikaa naye akiwa na saa mkononi. Akaona kuwa mtoto huandika haraka kama wenzake, ila kila neno humlazimu anyanyue kichwa mara tatu na kufinya macho. Alihamishiwa dawati la mbele, kisha akapatiwa miwani. Uzito ukaisha. Haukuwa katika akili wala katika mkono. Ulikuwa katika jicho.

Nayaeleza haya kwa sababu ya jambo lililonipata uzeeni, ambalo halikuhusu mtoto bali kompyuta.

Tangu mwaka 2001 nimekuwa nikiandikiana barua pepe na wanafunzi wangu wa zamani na walimu wenzangu. Watu wetu wametawanyika: wako Dar es Salaam na Mombasa, wako Maskati na Dubai, wako London na Toronto. Sikufuta barua hata moja. Mjukuu wangu alizihesabu akakuta zimepita elfu hamsini na nane, zote zimo katika kompyuta ya mpakato niliyoinunua ikiwa imeshatumika, katika duka moja la Darajani. Kwa kuwa hakuna binadamu anayeweza kupekua barua elfu hamsini na nane moja moja, mjukuu aliniwekea programu ya kuzitafuta iitwayo notmuch.

Hiyo ni programu huria, yaani programu ambayo matini yake iko wazi, kila mtu ana ruhusa ya kuisoma, kuirekebisha na kuigawa. Wengi wetu tulilijua jambo hili kwa mara ya kwanza mwaka 2004, wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walipotoa Jambo OpenOffice, programu huria ya kazi za ofisi iliyotafsiriwa kwa Kiswahili. Notmuch ilianzishwa mwaka 2009 na Mmarekani Carl Worth. Haipokei barua wala haitumi. Kazi yake ni moja: kuzitengenezea barua faharasa, ili ukitaja neno ikuoneshe barua zote zenye neno hilo.

Msomaji aliyesoma chuoni atakuwa ameona kitabu kiitwacho Al-Mu'jam al-Mufahras, kilichotungwa na Mmisri Muhammad Fuad Abd al-Baqi na kuchapishwa Kairo katika miaka ya 1940. Ndani yake kila neno la Qurani limepangwa kwa mzizi wake, na chini yake zimetajwa aya zote lilimo. Mwenye kutafuta aya hasomi msahafu wote. Hufungua mahali pa neno, akaelekezwa. Neno mufahras na neno letu faharasa ni ndugu. Faharasa ya notmuch hufanya kazi namna hiyo hiyo, na aliye chini yake, mwandishi hasa wa faharasa, ni programu nyingine huria iitwayo Xapian. Hiyo nayo ina nasaba yenye kumchekesha Mzanzibari, maana imetokana na mfumo wa miaka ya 1980 ulioitwa Muscat. Aliyeutengeneza ni Martin Porter wa Cambridge, bwana ambaye mwaka 1980 alichapisha kanuni mashuhuri za kukata viishio vya maneno ya Kiingereza ili mashine itambue kwamba maneno kadhaa yana shina moja.

Sasa nieleze kisa. Mwalimu mwenzangu mmoja, rafiki wa miaka arobaini, alifariki dunia. Mjane wake alipokwenda kufuatilia haki zake aliambiwa kwamba katika jalada la marehemu kuna miaka mitatu isiyo na ushahidi, miaka ya themanini aliyosomesha Pemba. Apate barua ya uhamisho, au angalau kumbukumbu namba ya barua hiyo, nakala itafutwe. Nyumbani hakukuwa na karatasi. Mvua za masika zilishapita juu yake zamani. Bibi yule akanijia, akakaa barazani, akaniambia, "Mwalimu, wewe ndiye uliyekuwa ukiandikiana naye. Nimepewa mpaka mwisho wa mwezi."

Nami nilikumbuka vyema kwamba marehemu, alipokuwa anajitayarisha kustaafu, aliniandikia barua pepe ndefu akinitajia vituo vyake vyote vya kazi pamoja na kumbukumbu namba za barua za uhamisho, kwa kuwa alikuwa mtu wa kuweka mambo kwa mpango. Barua imo. Kilichobaki ni kuitafuta.

Hapo ndipo uzito ulipotukabili. Programu ambayo zamani ilikuwa ikinijibu kabla sijatoa kidole kwenye kibodi, sasa ilikuwa ikikaa dakika nne au tano bila ya kusema neno. Kila zikija barua mpya, kuziingiza katika faharasa kulichukua muda wa kunywa kahawa na kuosha kikombe. Wakati mwingine kompyuta yote iliganda.

Barazani hapakosekani waganga. Mmoja alisema mashine imezeeka, itupwe. Wa pili alisema niongeze kumbukumbu yake. Wa tatu alisema programu za bure ndivyo zilivyo, ninunue ya fedha. Wa nne, mwenye nia njema kuliko wote, alisema barua zimekuwa nyingi mno, nifute zote za kabla ya 2015. Dawa nne kwa mgonjwa mmoja, na hapana hata mmoja aliyemshika mgonjwa mkono kumpima joto.

Mjukuu alipokuja jioni nikamwambia, "Mwanangu, tusiguse kitu. Kwanza tumsikilize inapomkwama." Akacheka, akasema, "Babu, umerudi chuoni." Tukachukua karatasi, tukaipiga mistari mitatu: kazi tuliyompa, muda wa mara ya kwanza, muda wa mara ya pili. Tukatafuta neno moja. Mara ya kwanza, dakika nne na sekunde kumi. Tukalitafuta lile lile papo hapo: sekunde mbili.

Jibu hilo dogo lilitufundisha mengi. Kompyuta inapotafuta kwa mara ya kwanza hulazimika kuyatoa maandishi ya faharasa kutoka kwenye diski. Ikishayatoa huyaweka karibu, katika kumbukumbu ya muda, na mara ya pili huyakuta hapo. Kama mpishi ambaye safari ya kwanza imempasa aende mpaka sokoni, na safari ya pili kitunguu kiko mezani. Sekunde zile mbili zilionesha kwamba mpishi ni hodari: prosesa haina neno, programu haina neno. Muda wote unapotea njiani, baina ya diski na jiko.

Tukauliza swali la pili: kwa nini kuingiza barua mpya kunachukua muda mrefu, hata zikiwa tatu tu? Mjukuu alisoma maelezo ya programu, ambayo kwa kuwa ni huria yameandikwa waziwazi. Notmuch inapotafuta barua mpya hutazama tarehe ya mwisho ya kubadilika kwa kila folda. Folda ambayo haikubadilika huipita. Iliyobadilika hulinganisha orodha yake yote na ile iliyomo katika faharasa. Barua zangu zote elfu hamsini na nane zilikuwa zikishuka katika folda moja kutoka katika huduma ya posta niliyoitumia. Kwa hivyo kila ilipoingia barua moja, folda nzima ilihesabika kuwa imebadilika, na orodha nzima ikapitiwa upya. Ni sawa na mwalimu mkuu ambaye kila akija mwanafunzi mgeni huita majina ya skuli nzima. Dawa yake ilikuwa nyepesi: barua zigawiwe folda kwa miaka, ili za 2001 au 2008, ambazo hazitabadilika tena, zipitwe.

Mjukuu alitaka kuanza kuzigawa saa ile ile. Nikamwambia bado. Orodha ndefu inaeleza uchovu wa kuingiza barua; haielezi kwa nini utafutaji ambao mwaka juzi ulikuwa mwepesi, kwa barua karibu zile zile, sasa uchukue dakika nne. Hapa pana jambo jingine. Je, mchukuzi anachelewa kwa sababu mzigo ni mkubwa, au kwa sababu mchukuzi mwenyewe mgonjwa?

Basi tukampa diski kazi moja nyepesi isiyohusiana na barua: kunakili faili moja kubwa. Alikwenda vizuri, akasimama, akaenda, akasimama tena, na kila aliposimama tulisikia mgongano mdogo ndani, kama mtu anayebisha mlango kwa ukucha. Diski za namna ile, zenye sahani inayozunguka na sindano inayosoma, huwa na daftari la afya zake zenyewe, liitwalo SMART. Mjukuu akalifungua. Lilikuwa na hesabu ya vipande vya diski vilivyokwisha kufa na kuhamishwa, na vipande vingine vinavyongojea hukumu. Diski inapokifikia kipande kibovu haisemi "siwezi". Hujaribu kukisoma, ikashindwa, ikajaribu tena, na tena. Majaribio hayo ndiyo yaliyokuwa dakika zetu nne.

Hapo nikafahamu kwamba lile tulilokuwa tukiliita uzito lilikuwa mgonjwa anaomba msaada kwa njia pekee aliyokuwa nayo. Na nikafahamu pia hatari ya zile dawa nne za barazani. Kuongeza kumbukumbu kungeificha dalili, diski ikafa kimya kimya. Kununua programu nyingine kungeilazimisha diski mahututi isome barua zote upya tangu mwanzo. Kufuta barua za zamani kungefuta barua ile ile tunayoitafuta. Hata kuzigawa folda usiku ule, jambo lililo sahihi kwa wakati wake, kungekuwa kumpandisha mgonjwa ngazi.

Tukasimamisha kila kitu. Asubuhi mjukuu akanunua diski ya kisasa, isiyo na kitu kinachozunguka, nasi tukaanza kunakili. Katika kazi hii ni lazima mtu ajue kipi cha thamani na kipi hakina. Barua ni asili, zikipotea zimepotea. Faharasa ni tawi. Ikiungua, huandikwa upya maadamu barua zipo. Baina ya viwili hivyo kuna kitu cha tatu ambacho watu hukisahau: lebo, yaani alama nilizozitia mwenyewe kwa mkono, hii ya "skuli", hii ya "jamaa", hii ya "ijibiwe". Hizo hazimo katika barua; zimo katika faharasa tu, na mashine haiwezi kuzibuni upya. Notmuch ina amri ya kuzitoa na kuziandika katika faili la kawaida. Tulianza na hilo, kisha tukanakili barua.

Kazi ilichukua usiku mzima na nusu ya siku ya pili. Barua kumi na nne zilikataa kabisa kusomeka. Kumi na nne katika elfu hamsini na nane ni kitu kidogo, lakini hapana mtu aliyejua ni zipi. Nilisali alfajiri nikiwa na hesabu hiyo kichwani.

Katika diski mpya tulizigawa barua kwa miaka, tukaiacha notmuch ijenge faharasa upya, tukazirudisha lebo. Utafutaji ulirudi kuwa chini ya sekunde moja. Prosesa ile ile, kibodi ile ile, programu ile ile, na mwenye kompyuta yule yule na miaka yake.

Hata hivyo kasi si kupata. Niliandika neno "uhamisho" pamoja na jina la marehemu, zikaja barua nyingi, na yetu haimo. Hapa tulikutana na jambo ambalo mwalimu wa Kiswahili analijua vizuri. Zile kanuni za Bwana Porter hukata mikia ya maneno, kwa kuwa Kiingereza hukua kwa nyuma. Kiswahili hukua mbele na nyuma. Nilihamishwa, akahamishiwa, wamehama, uhamisho: kwetu ni ukoo mmoja, lakini kwa faharasa ile ni wageni wanne wasiojuana. Mtafutaji wa Kiswahili analazimika kukisia si neno tu, bali vazi ambalo neno lilivaa siku ile.

Tukaacha maneno, tukashika tarehe. Nilikumbuka kwamba barua ile ilikuja mara tu baada ya kiza kikubwa. Wazanzibari hawakisahau: Disemba 2009 njia ya umeme unaotoka Tanzania Bara kwa waya wa chini ya bahari iliharibika, na Unguja ikakaa gizani hadi Machi 2010. Miezi ile mitatu sikupokea barua takriban yoyote. Tukaiambia programu itoe barua za mtu huyu peke yake, kuanzia Machi 2010 hadi Juni. Zikaja kumi na moja. Ya tano ndiyo. Ameandika "nikapelekwa Pemba", wala hakutaja uhamisho hata mara moja. Na mbele yake, kwa mpangilio wake ule ule, kumbukumbu namba na tarehe.

Tuliichapisha. Mjane aliipeleka zikiwa zimebaki siku nne. Kwa namba ile nakala ilipatikana katika majalada, na baada ya miezi kadhaa miaka mitatu ya Pemba ikaingizwa katika hesabu yake. Aliponiletea habari alisema marehemu amemsaidia kutoka kaburini. Nilimwambia kweli, kwa kuwa alikuwa mtu wa kuandika namba.

Baadaye mjukuu alinisomea habari ya siku za mwanzo za notmuch yenyewe. Wakati ule kubadilisha lebo moja ya barua kulikuwa kuzito mno. Ingekuwa rahisi kuilaumu programu mpya. Walichunguza, wakaona uzito uko chini yake, katika Xapian, ambayo kwa mabadiliko ya neno moja ilikuwa ikiyaandika upya maneno yote ya barua ile. Rekebisho likafanywa hapo hapo lilipokuwa kosa, na kila aliyetumia Xapian duniani akafaidika. Nilifurahi kusikia kwamba mafundi wa mbali hutumia kanuni ile ile tuliyokuwa tukiisomesha Beit-el-Ras: shuka ngazi moja moja mpaka ufike panapokwama, wala usitibu ghorofa ya juu kwa maradhi ya msingi.

Nawaachia walimu vijana, na watoto wanaowalea wazee wao, jambo hili moja. Ukimwona mtoto, mzee au mashine imekuwa nzito, usianze na umri wala usianze na dawa. Kaa nayo ukiwa na saa na karatasi. Mpe kazi moja ndogo, mpe tena, utazame tofauti. Kisha, badala ya kuandika "mzito", andika mahali anaposimama.